Reli ya msumeno ni kipimo, itafutiwe mahali pake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo linaloniumiza karibu kila ninapoingia karakana ya fundi mwenzangu. Tunasalimiana, ananionyesha msumeno wake wa reli. Umelala ndani ya sanduku lake lenye vifungo, umefutwa vumbi, waya umekunjwa vizuri. Nikiuliza reli iko wapi, ananielekeza nyuma ya mlango. Huko naikuta imeegemea ukuta pamoja na fagio, mabomba mawili na kipande cha mbao chenye misumari.

Mimi ni seremala, nina miaka 31 katika kazi hii. Nimesoma kurasa zenu za ufundi kwa muda mrefu na nimejifunza mengi humo kuhusu kunoa diski, kuchagua gundi na kukausha mbao. Juu ya kuhifadhi reli sijapata kusoma hata aya moja, na vijana wanaokuja kwangu kujifunza hufika wakiamini kwamba reli ni kipande cha bati tu kinachokuja na msumeno.

Kwa msomaji asiye fundi, nieleze kidogo. Msumeno wa reli ni msumeno wa umeme wa diski, mara nyingi diski ya mm 160 au 165. Hauongozwi kwa jicho wala kwa mstari wa penseli. Sahani yake ya chini ina mfereji, na mfereji huo unakalia tuta jembamba linalopita urefu wote wa reli ya alumini. Ukiusukuma, hauna njia nyingine ila ile ya reli. Reli ikiwa imenyooka, mkato unanyooka. Reli ikiwa imepinda milimita moja, mkato utapinda milimita moja, na msumeno wenyewe hautakupa dalili yoyote: utateleza vizuri, utatoa sauti ile ile, na unga wa mbao utaruka kama kawaida.

Miaka sita iliyopita nilikuwa na reli ya mm 3000, ya kipande kimoja. Urefu huo ni wa lazima katika kazi yangu. Shiti la kawaida la plaiwudi lina mm 1220 kwa 2440, na msumeno unatakiwa uwe umekaa sawasawa juu ya reli kabla diski haijaingia kwenye shiti na hata baada ya kutoka. Reli ya 2440 haitoshi kulipasua shiti kwa urefu wake. Ile ya 3000 nilikuwa naitundika, lakini jioni moja tulichelewa kufunga kazi, nikaiegemeza ukutani nikijiambia nitaitundika kesho. Asubuhi niliikuta chini, imelalia kona ya jiliwa. Niliiokota, nikaipitisha jicho kutoka ncha hadi ncha, nikaona iko sawa. Nilikuwa na miaka 25 kazini wakati huo na jicho langu nililiamini kabisa.

Siku hiyo hiyo nilikata milango miwili ya kabati la nguo, kila mmoja urefu wa mm 2400. Nilipoifunga nyumbani kwa mteja, iligusana juu, ikagusana chini, na katikati ikaacha uwazi wa milimita tatu. Nikashuku bawaba. Nikazifungua, nikazifunga upya. Nikashuku fremu, nikaipima kona kwa kona mara tatu, nikaikuta haina kosa. Nusu siku ilipotea hivyo. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni muda wote, na mwishowe akaniuliza kwa upole, "Fundi, ndivyo itakavyokaa hivi?" Nikamjibu, "Hapana mama, hivi haikubaliki. Naiondoa." Niliipakia milango nikarudi nayo karakana, na njia nzima nilikuwa nahesabu mbao nilizokwisha kukata kwa reli ile tangu asubuhi ya siku iliyotangulia.

Nilichofanya niliporudi ndicho nilichopaswa kufanya kabla ya kukata chochote, na ningependa kila mwenye reli akijue. Chukua ubao mrefu ulio tambarare. Laza reli juu yake, na kwa penseli iliyochongwa vizuri piga mstari kufuata ukingo wa nyuma, ule wa alumini mtupu usio na mkanda. Kisha izungushe reli nusu duara, bila kuigeuza chini juu, uihamishie upande wa pili wa mstari, ukingo ule ule ukikutana na ncha mbili za mstari ule ule. Piga mstari wa pili. Reli iliyonyooka itaipandisha mistari miwili ikawa mmoja. Iliyopinda itaacha jicho katikati, na upana wa jicho hilo ni mara mbili ya kosa la reli. Langu lilikuwa la milimita tatu kamili. Kosa la milimita moja na nusu, ambalo kila mlango ulilibeba kwa upande wake, na milango miwili ilipokutana makosa yakajumlishwa.

Nilijaribu kuinyoosha. Nilitumia klampu, vipande vya mbao na subira ya siku nzima, na pindo moja likageuka mawimbi mawili madogo. Sijaona hata mara moja reli iliyopinda ikarudi kuwa reli ya kuaminika kwa mikono ya karakana. Pindo lenyewe lilikuwa kiasi cha mita moja na robo kutoka ncha moja, kwa hiyo nilifunga diski yenye meno ya kukatia alumini, nikaikata sehemu hiyo yote, nikabaki na reli ya mm 1600. Inatosha kukata shiti kwa upana wake wa 1220. Bado ninayo, na inafanya kazi nzuri. Lakini kupasua shiti kwa urefu haiwezi tena.

Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa ni marehemu, hakuwahi kuwa na msumeno wa reli. Alikuwa na rula ya mbao ngumu, urefu wa mita mbili, aliyoipiga randa yeye mwenyewe mpaka ikanyooka kama uzi uliovutwa. Ilikuwa na tundu kwenye ncha moja na ilining'inia kwenye kigingi chake, mbali na dirisha, mbali na mlango, imevalishwa mfuko wa kitambaa. Vijana wa karakana tulikatazwa kuitumia kuchokonolea kitu, kukorogea rangi, hata kuishika kama mkono una gundi. Nakumbuka mwenzetu mmoja aliitumia kama mwiko wa kusukumia mbao chini ya meza. Mzee hakupiga kelele. Aliichukua, akaijaribu kwa mstari, akapiga randa tena jioni nzima bila kusema neno, na sisi tukiwa tumesimama pale tukimtazama. Nimeikumbuka jioni ile mara nyingi tangu milango yangu ilipokataa kukutana, kwa sababu reli ya alumini ni kitukuu cha rula ile. Tofauti ni kwamba rula ya mbao fundi aliweza kuinyoosha.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatakubaliana nalo. Wapo wanaofundisha kwamba reli ikiegemezwa ukutani hupinda polepole kwa uzito wake. Mimi nadhani hofu hiyo imeelekezwa pasipo. Alumini ina uzito wa karibu gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, kiasi cha theluthi moja ya chuma, na uwezo wake wa kukataa kupindishwa nao ni theluthi moja hivi ya ule wa chuma. Ukiegemeza reli ndefu utaiona imelegea katikati, ni kweli, lakini ukiilaza mahali tambarare inarudi. Kwa joto la kawaida la karakana haikai ikajizoesha ulegevu ule. Kinachoiharibu ni kuanguka, kugongwa na kubebeshwa mzigo, na reli iliyoegemezwa iko karibu na yote matatu. Kuna mtu atapita na mbao begani, mlango utafunguliwa kwa nguvu, mtu mwingine ataegemeza shiti zito juu yake. Kwa hiyo tusibishane sana juu ya kuegemeza kunafanya nini kwa mwezi mzima. Dakika moja tu ya kuanguka inatosha.

Tena kupinda si ugonjwa pekee, wala si ndio unaopata reli nyingi zaidi. Ninachokutana nacho mara kwa mara ni mkanda wa ukingoni ulioharibika, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa mkanda huu ndio roho ya mkato safi.

Kwenye ukingo wa reli unaoelekea diski kuna mkanda mwembamba wa mpira au plastiki. Unafanya kazi mbili. Ya kwanza, unaonyesha hasa mahali diski itakapopita: ukiweka ukingo wa mkanda juu ya alama yako ya penseli, hapo ndipo mkato utakapotokea, huna haja ya kupima tena. Ya pili, unakandamiza nyuzi za mbao. Meno ya diski hii hutokea chini na kupanda juu yanapokata, kwa hiyo uso wa juu wa ubao ndio unaoinuliwa na kumeguka, hasa kwenye plaiwudi yenye ngozi nyembamba ya mbao za thamani au ubao wenye laminati. Mkanda unaizuia ngozi ile isiinuke. Ndiyo sababu fundi mwenye reli nzima anaweza kukata mlango uliokwisha kupakwa vanishi na ukingo ukatoka kama umepigwa msasa.

Wengi hawajui kwamba mkanda huu hauji umekatwa kwa kipimo cha mwisho. Unakuja na upana wa ziada, na mkato wa kwanza kabisa unaoufanya kwa msumeno wako ndio unaoupunguza mpaka kwenye mstari wa diski yako. Kuanzia hapo mkanda ule ni wa msumeno ule na diski ya unene ule. Ukimwazima mwenzako reli, akapitisha msumeno wake ambao diski yake inakaa ndani zaidi hata kwa nusu milimita, mkanda wako umekatwa kwa kipimo chake. Ukirudishiwa utaona mikato yako imeanza kumeguka na alama zako haziangukii mahali, na hutajua kwa nini. Kwangu kila reli ina nambari iliyoandikwa kwa rangi ya kudumu karibu na ncha, na msumeno wake una nambari hiyo hiyo. Siazimi reli. Rafiki akiwa na shida namkatia mwenyewe, na kwa hilo hakuna aliyenikasirikia.

Basi fikiria mkanda huu mwembamba, uliokatwa kwa usahihi namna hiyo, halafu reli inasimamishwa sakafuni kwa ubavu huo huo. Uzito wote unaukalia. Inaburutwa kidogo kupisha fagio, na ncha ya mkanda inabanduka. Kesho yake kipande cha mkanda kinakunjika chini ya reli bila fundi kuona, reli inakaa imeinuka upande mmoja, na mkato unatoka ukiwa na mteremko mdogo ambao hata skwea inauona kwa shida. Nimeliona hili kwa macho yangu katika karakana tatu tofauti.

Mkanda ukiharibika hubadilishwa, sitaki kumtisha mtu. Ubandue taratibu, na kama gundi imekaza upashe joto kidogo. Mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa chenye spiriti. Thina iepuke, ina nguvu mno kwa plastiki iliyo jirani. Mkanda mpya ubandike bila kuuvuta hata kidogo, maana mpira uliovutwa utajirudi baada ya siku kadhaa na kuacha ncha ya reli wazi. Kisha laza reli juu ya ubao wa kutupa, ifunge kwa klampu pande zote mbili, weka kina kidogo na kasi kubwa ya diski, sukuma polepole bila kusimama katikati. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Lakini ni nusu saa ambayo sehemu nzuri ya kuwekea reli ingekuokolea kila baada ya miezi michache.

Lile tuta nalo linastahili maneno. Ni jembamba, na likigongwa na nyundo au kona ya kasha hupata kovu dogo. Msumeno ukifika pale unakwama kidogo. Fundi anafanya nini? Anachukua bisibisi, analegeza vile virekebishi viwili vya kwenye sahani vinavyoufanya msumeno ulikamate tuta bila kucheza. Sasa msumeno unapita kwenye kovu bila shida, na unacheza kushoto na kulia katika urefu wote uliobaki. Mkato unakuwa na mawimbi. Anabadilisha diski, anadhani imeisha makali. Anabadilisha tena. Kosa lilianza siku reli ilipolazwa chini ya rundo la vyuma, na tangu hapo linasingiziwa kila kitu isipokuwa rundo lile.

Chini ya reli ipo mikanda miwili ya mpira laini au sponji, inayoizuia isiteleze juu ya ubao. Ikijaa unga wa mbao haishiki tena. Ipanguse kwa brashi laini, na ikichafuka sana tumia kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha uikaushe. Usirundike reli juu ya reli na kuweka mizigo juu yake, kwa kuwa sponji iliyobanwa muda mrefu hubaki imebonyea. Mikanda ya juu, ile ambayo sahani ya msumeno inateleza, mimi huipaka nta kavu kidogo sana. Dawa za kupuliza zenye silikoni sizikaribishi karakana hata kwa bahati mbaya: zikigusa mbao, vanishi itakataa kukaa mahali pale, itajikusanya pembeni na kuacha vishimo vidogo kama macho.

Kuhusu jua na maji nitasema kwa ufupi. Alumini hutanuka kwa joto zaidi ya chuma: reli ya mita tatu ikipata moto kwa nyuzi 20 za Selsiasi huongezeka urefu kwa milimita 1.4 hivi. Hilo halina madhara, kwa sababu reli hatuitumii kupimia urefu. Lakini reli iliyochomwa na jua upande mmoja na upande mwingine uko kivulini hupinda kwa muda, kwa kuwa upande wa moto unakuwa mrefu kuliko wa baridi. Ilete ndani na uiache ilingane joto kabla ya kukata. Jua hilohilo hukausha mpira na kulainisha gundi ya mikanda, na ndani ya gari lililofungwa hali ni mbaya zaidi. Alumini haipati kutu nyekundu ya chuma, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani haidhuriki. Ngozi nyembamba inayoilinda haivumilii asidi kali wala magadi makali, na saruji mbichi, yenye pH ya 12 na zaidi, inaitafuna. Reli iliyolazwa kwenye sakafu iliyomwagwa karibuni, au iliyorushiwa saruji mahali pa ujenzi isifutwe, itapata mabaka meupe na vishimo. Ifute siku hiyo hiyo, isisubiri wikendi.

Basi iwekwe wapi? Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mzee wangu: kuitundika wima. Reli nyingi zina tundu kwenye ncha kwa ajili hiyo. Kigingi kiwe cha mbao, au kama ni ndoano ya chuma ivalishwe bomba laini la plastiki, kiwe kirefu kiasi kwamba mtikisiko wa mlango hauwezi kuichomoa reli. Ncha ya chini isiguse sakafu. Pembeni mwake, chini, mimi hupigilia kipande cha mbao chenye mwanya, reli inaingia humo isiyumbe. Ukingo wenye mkanda naugeuzia upande ambao hakuna mtu anayepita. Ukuta wa nyuma nimeuwekea ubao mwembamba laini, kwani mikanda ya chini ikisugua ukuta wenye chokaa inaokota vumbi.

Si kila karakana ina urefu wa kutundika reli ya mita tatu. Hapo ilazwe. Kama kuna nafasi chini ya meza ya kazi au juu karibu na dari, tengeneza rafu nyembamba yenye ubao mzima chini, ili reli ikae imeshikiliwa urefu wake wote. Ukiwa na mabano tu, isimamishe kwa ubavu wa nyuma, mkanda ukiwa juu, kwa sababu kwa ubavu reli ni ngumu zaidi kuliko ikilala, na mabano mawili yawe kiasi cha robo ya urefu kutoka kila ncha. Kitu cha kuogopa katika rafu ni kile kitakachowekwa juu ya reli na mtu mwenye haraka. Ndiyo maana rafu yangu ni nyembamba: haiingii chochote isipokuwa reli. Nafasi tupu katika karakana haikai tupu.

Kwa safari nilitengeneza kasha. Reli nyingi zina upana wa kati ya sm 18 na 20, kwa hiyo vipande vilivyobaki vya plaiwudi ya mm 12 vilitosha. Ndani kuna mifereji miwili iliyopambwa kwa kitambaa kizito, reli mbili zinaingia zikitazamana, mikanda yote miwili ikielea hewani pasipo kugusa mbao. Kwenye ncha nimeweka sponji ngumu, kwa sababu kasha likiangushwa huangukia ncha. Mpini uko katikati hasa. Reli ya mita tatu ndani ya kasha ni ndefu na nzito kidogo, basi hubebwa na watu wawili, na akiwa ni mmoja ashike katikati na ncha ya mbele iwe juu ya vichwa vya watu. Juu ya gari kasha linafungwa kwenye sehemu tatu. Reli tupu iliyofungwa kwa kamba sehemu mbili na kuachwa mita nzima ikicheza nyuma inapigwa na kila shimo la barabara, na kamba yenyewe inakaa juu ya mkanda.

Wenye reli fupi mbili za mm 1400 au 1500 wanaoziunganisha, kwenu hifadhi ni rahisi lakini kiungio kina mambo yake. Vile vijiti vya kuunganishia vinavyoingia kwenye mfereji visikazwe kwa nguvu ya mkono mzima, skrubu zake huacha vidonda kwenye alumini na kufanya mfereji uvimbe. Ziunganishe zikiwa zimelala juu ya ubao tambarare, acha mwanya mwembamba kama wa milimita moja kati ya ncha mbili, weka rula ya chuma iliyonyooka dhidi ya tuta ivuke kiungio, ndipo ukaze. Ncha zilizogongwa haziungani sawasawa, kwa hiyo ncha ndizo za kulindwa kwanza. Mkimaliza kazi zitenganisheni. Nimewaona vijana wakibeba reli zilizounganishwa kutoka chumba hadi chumba, na uzito wote unavunjia katikati, juu ya skrubu nne ndogo.

Nina maombi kwa watu watatu. Kwa walimu wa ufundi: siku ya kwanza mwanafunzi anapoonyeshwa msumeno huu, aonyeshwe kigingi kabla ya kuonyeshwa swichi. Kwangu ndivyo ninavyofanya, na kijana asiyeweza kuitoa reli na kuirudisha bila kuigonga popote haukati ubao wangu, hata awe na kipaji gani. Kwa watengenezaji: msumeno mnautia ndani ya sanduku gumu, na reli mnaifunga kwa karatasi ya kwanza itakayochanika. Wekeni vifuniko vya ncha na mfuko mzito katika kila reli, kama kitu cha lazima na siyo cha kununuliwa kando. Na kwa wenye karakana kubwa wanaowakata mshahara vijana kwa reli iliyopinda: kabla hujamkata, jiulize kama ulimpa mahali pa kuiweka. Kijana aliyekuta reli nyuma ya mlango siku ya kwanza ataiacha nyuma ya mlango, kwa maana hapo ndipo ulipomfundisha kuwa ni kwake.

Yule mama alipata milango yake mipya baada ya siku nne. Ilikutana juu, katikati na chini. Ile ya zamani niliikata ikawa mbao za kasha ninalolisema, na ndani ya kifuniko chake ninaandika kwa penseli tarehe ya kila mara ninapoijaribu reli kwa mistari miwili: Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na siku yoyote ikianguka au ikisafiri. Safu ya tarehe sasa imefika nusu ya kifuniko. Mhariri, mchoro wa kasha ninao, wenye vipimo vyote, na nitauleta ofisini kwenu siku mtakayonipa nafasi ya kuuchapisha.

Wako,
Fundi seremala, msomaji wenu wa siku nyingi